Hasara za REI: mali ya wanachama, uamuzi wa wachache

Kwa miaka mitatu mfululizo, ushirika mkubwa wa Marekani unaouza mahema, buti za mlimani, baiskeli na mifuko ya kulalia ulifunga hesabu zake kwa hasara. Mwaka 2022 REI ilipoteza dola milioni 164.7, mwaka 2023 hasara ikapanda hadi dola milioni 311, mwaka 2024 ikawa dola milioni 156.4. Ukijumlisha, unapata zaidi ya dola milioni 632. Kampuni iliyo kwenye soko la hisa ikipata hasara za namna hiyo, bei ya hisa zake huporomoka, wenye hisa huja juu, na mara nyingi mkurugenzi mtendaji huondoka mapema. REI haina hisa sokoni. Wenye mali ni wanachama wake wapatao milioni 24, na walio wengi walizipata habari za hasara kama alivyozipata msomaji mwingine yeyote wa magazeti.

Maelezo yanayotolewa mara kwa mara ni kwamba soko la vifaa vya nje lilivimba wakati wa UVIKO-19, kisha likanywea. Hilo ni kweli, na nitalirudia hapa chini kwa sababu lina uzito. Lakini kunywea kwa soko kunaeleza kwa nini mauzo yalishuka. Hakuelezi kwa nini hasara iliruhusiwa kujirudia mara tatu katika chombo ambacho, kwa maandishi, kila mnunuzi mwenye kadi ni mwenye mali, na hakuna mahali ambapo mwenye mali huyo aliweza kusimama akauliza fedha zimekwenda wapi. Hoja yangu ni kwamba kudorora kwa REI kumeanzia katika uhusiano huo, kabla ya kufika kwenye vitabu vya hesabu.

Ushirika huu ulizaliwa Seattle mwaka 1938, kutokana na shida iliyokuwa wazi kabisa. Lloyd Anderson na mkewe Mary walikuwa wapanda milima. Lloyd alihitaji shoka la barafu, lile la mpini mrefu ambalo mpandaji hulitumia kujishikilia kwenye theluji iliyoganda, na madukani kwao kifaa kizuri kilikuwa adimu na ghali. Akaagiza Austria kwa katalogi, kikamfikia kwa dola 3.50 tu. Wenzake walipoliona, nao wakataka. Familia hiyo ikaanza kuagiza kwa pamoja kwa ajili ya kundi la marafiki, na kundi hilo likajisajili kama ushirika. Mfanyakazi wa kwanza wa kudumu, Jim Whittaker, aliajiriwa mwaka 1955, na mwaka 1963 akawa Mmarekani wa kwanza kufika kilele cha Everest. Baadaye akauongoza ushirika wenyewe.

Kanuni ya kiuchumi iliyowabeba ilikuwa nyepesi. Mwanachama analipa kiingilio mara moja tu maishani. Ananunua kwa bei ya kawaida. Mwisho wa mwaka, ushirika ukiwa umebaki na ziada, anarudishiwa sehemu yake kulingana na alichonunua, na kwa miaka mingi kiwango hicho kilikuwa karibu asilimia 10 ya manunuzi yasiyo na punguzo. Ziada inayobaki huwekwa kama akiba ya ushirika wote, na akiba hiyo ndiyo inayojenga duka jipya au kununua shehena ya msimu ujao. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano mkuu wa SACCOS au AMCOS ataitambua kanuni hii mara moja, pamoja na mahali inapokatikia: akiba ni ya wote, kwa hiyo ni rahisi kuonekana kama si ya mtu.

Faida ya kuagiza pamoja ilikuwa kubwa wakati bidhaa zilikuwa adimu. Leo watengenezaji wa vifaa hivyo kama Patagonia, The North Face na Arc'teryx wanauza moja kwa moja kwa mteja, dukani kwao na mtandaoni. Amazon inapeleka hema hadi mlangoni. Dick's Sporting Goods, mnyororo mkubwa wa maduka ya michezo, ulianzisha mwaka 2021 maduka ya Public Lands yanayowalenga wateja walewale wa REI, na mwaka 2023 ukainunua Moosejaw, muuzaji mwingine wa vifaa vya nje, kutoka Walmart. Katika mazingira hayo asilimia 10 inayolipwa mwaka unaofuata, tena kwa bidhaa zilizonunuliwa kwa bei kamili pekee, haimvuti mnunuzi anayeona punguzo la asilimia 30 kwenye simu yake leo. Na kila REI inapolazimika kushusha bei ili kushindana, inapunguza pia manunuzi yanayomstahilisha mwanachama gawio. Ushindani wa bei unaukata ushirika huu pande zote mbili.

Kulikuwa na dalili za awali. Hadi mwaka 2013, mwanachama aliweza kurudisha kitu chochote wakati wowote, bila kikomo cha miaka. Vitu hivyo viliuzwa tena kwa bei ya kutupa katika mauzo maalumu ya wanachama, kila kimoja kikiwa na kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono kueleza kwa nini kimerudishwa. Ungekuta buti zilizolika soli kwa kutembezwa milimani, zikarudishwa kana kwamba zilikuwa na kasoro ya kiwandani. Mwaka huo uongozi uliweka kikomo cha mwaka mmoja. Ulikuwa uamuzi sahihi, lakini kilichotokea kabla yake kinafundisha: watu waliokuwa wakirudisha buti kuukuu walikuwa wakijichukulia fedha kutoka mfukoni mwao wenyewe bila kujua. Mwenye mali anayejua kwamba ni mwenye mali hafanyi hivyo. Walijiona wateja wa duka karimu, na ushirika ulikuwa umewazoesha kujiona hivyo.

Kisha likaja janga. Maduka yalifungwa Machi 2020. Katika mwaka huohuo REI iliuza makao yake makuu mapya ya Bellevue, karibu na Seattle, kabla hata hayajatumika. Sehemu kubwa ya eneo hilo la ekari 8 ilichukuliwa na Facebook kwa takriban dola milioni 368. Mauzo hayo yaliwapa nafasi ya kupumua. Mwaka 2021 watu waliochoka kufungiwa ndani walikimbilia porini, mauzo yakaruka hadi dola bilioni 3.7, na ushirika ukapata faida ya dola milioni 97.7.

Hapo ndipo kosa la gharama kubwa lilipofanyika, nalo lilifanywa na wauzaji wengi wa sekta hii. Walidhani mafuriko ni kina cha kawaida cha mto. Bidhaa ziliagizwa kwa wingi kana kwamba aliyenunua hema mwaka 2021 atanunua jingine mwaka 2022. Lakini hema zuri hudumu miaka 10. Bidhaa zikajaa maghalani kwa wenye viwanda na kwa wauzaji, kila mmoja akaanza kukata bei ili kutoa fedha iliyolala kwenye rafu, na bei zikashuka kwa sekta nzima. Mauzo ya REI mwaka 2022 yalikuwa dola bilioni 3.85, makubwa kuliko ya mwaka uliotangulia, na bado ilipata hasara. Anayeuza zaidi na kupoteza zaidi hana tatizo la kukosa wateja. Gharama zake zimepita kile ambacho wateja hao wanaweza kukibeba.

Tazama uwiano wenyewe. Mwaka 2023 mauzo yalikuwa dola bilioni 3.76 na hasara dola milioni 311, maana yake kwa kila dola moja iliyoingia kwenye droo, zaidi ya senti nane zilipotea. Mwaka 2024 hasara ilipungua kwa nusu, na uongozi ulilitangaza hilo kama ushahidi kwamba mambo yanatengemaa. Ni haki yao kulitaja. Ila mwaka huohuo mauzo yalishuka hadi dola bilioni 3.53, punguzo la zaidi ya asilimia 6. Hasara haikupungua kwa sababu watu walirudi dukani. Ilipungua kwa sababu ya kukata.

Waliokatwa walikuwa wafanyakazi. Januari 2023 waliachishwa watu 167 wa makao makuu. Oktoba mwaka huo, wafanyakazi 275 wa madukani. Januari 2024, wengine 357. Januari 2025 ikawa zamu ya kitengo cha safari na mafunzo, kilichowapeleka watu milimani, kuwafundisha kupanda miamba, kutumia dira na kuendesha kayaki. Kitengo chote kilifungwa na watu 428 wakapoteza kazi, wengi wao wakiwa wa muda.

Ninakaa kidogo kwenye kitengo hiki kwa sababu hoja ya kukifunga ilionekana haina jibu. Uongozi ulisema kiliwahudumia watu 40,000 mwaka 2024, chini ya asilimia 0.4 ya wateja wote, na kwamba gharama zake zilizidi mapato yake. Mhasibu yeyote angekubali. Lakini REI haikuanzishwa na watu waliotaka kuuza makoti. Ilianzishwa na watu waliokuwa tayari milimani, wakaona wanahitaji vifaa. Mtu aliyefundishwa kutumia dira na mwalimu wa ushirika hurudi kununua dira, kisha begi, kisha hema, na huleta mwenzake. Thamani hiyo haionekani kwenye safu ya mapato ya kitengo. Inaonekana miaka mitano baadaye kwenye mauzo ya duka, ikiwa kuna anayeitafuta. Tena kitengo hicho ndicho kilichokuwa kitu pekee ambacho Amazon haikuweza kukiiga. Labda kilistahili kupunguzwa au kuendeshwa upya. Lililo wazi ni kwamba wanachama hawakuulizwa kama wako tayari kubeba gharama yake kutoka kwenye ziada yao, na swali hilo ni lao kabla ya kuwa la mhasibu.

Sasa tuje kwenye mtaji, kwa maana hapa ndipo ushirika unapotofautiana na kampuni. Kampuni ikiishiwa inaweza kuuza hisa mpya. REI haiwezi. Kiingilio kilikuwa dola 20 kwa miaka mingi, kikapandishwa hadi dola 30 mwaka 2022, na mwanachama hawezi kuongeza mtaji wake hata akitaka. Mtaji wa kweli wa REI ni ziada zilizohifadhiwa tangu enzi za Anderson. Gawanya hasara za miaka mitatu kwa wanachama milioni 24: kila mmoja amepoteza takriban dola 26. Wengi wao walijiunga kwa dola 20 au pungufu. Kwa hesabu hiyo, miaka mitatu imekula zaidi ya kila walichowahi kulipa kuwa wenye mali, na hakuna aliyepelekewa barua ya kuambiwa hivyo, kwa sababu hasara ya akiba ya pamoja haimgusi mtu mmoja mmoja siku inapotokea.

Zaidi ya hayo, malipo ya asilimia 10 yaliendelea katika miaka hiyohiyo ya hasara. Kwa mwanachama ilikuwa habari njema kila Machi. Kihesabu, gawio ni sehemu ya ziada, na panapokosekana ziada kinacholipwa ni punguzo la bei linalotoka kwenye akiba. Siwalaumu waliolipokea. Ninaulaumu uongozi kwa kuwaondolea dalili ya pekee ambayo mwanachama wa kawaida angeiona. Gawio likishuka hadi asilimia 3, watu milioni kadhaa wangeuliza kulikoni, nao wangeanza kusoma ripoti za mwaka.

Na wakishaanza kuuliza, wangemuuliza nani? Wanachama wa REI hupiga kura kuchagua bodi, lakini majina yanayofika kwenye karatasi ya kura huteuliwa na bodi yenyewe, kwa kawaida jina moja kwa kila kiti. Kwa miaka mingi uchaguzi huo ulipita kimyakimya. Uliamshwa na wafanyakazi. Machi 2022 duka la SoHo, Manhattan, lilipiga kura 88 dhidi ya 14 kujiunga na chama cha wafanyakazi, na maduka mengine 10 yakafuata. Mazungumzo ya mikataba yakakokota kwa miaka. Mwaka 2025 wafanyakazi hao walipendekeza wagombea wao wa bodi; bodi haikuwaweka kwenye karatasi ya kura. Ndipo wanachama wakaombwa wasiwaunge mkono wateule watatu wa bodi, na matokeo yalipotoka, wote watatu walikuwa wamekataliwa.

Lingekuwa tukio kubwa katika ushirika wowote. Lakini kwa masharti ya REI, viti vikibaki wazi, bodi yenyewe ndiyo inayovijaza. Mwanachama amepewa uwezo wa kukataa na kunyimwa uwezo wa kuweka. Katika miezi hiyohiyo kulikuwa na jambo jingine lililoonyesha umbali huo: Januari 2025 REI iliweka saini yake kwenye barua ya kumuunga mkono Doug Burgum kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Marekani, wizara inayosimamia hifadhi na ardhi za umma, na Aprili mkurugenzi mtendaji mpya, Mary Beth Laughton, akaomba radhi na kuiondoa saini hiyo baada ya wanachama kukasirika. Ilimchukua wiki chache tu kugundua walichokuwa wakikitaka. Wangeulizwa kabla, ingechukua siku moja.

Anayedhani ninatia chumvi aangalie upande wa pili wa mpaka. Mountain Equipment Co-op, MEC, ulianzishwa Vancouver mwaka 1971 kwa kufuata mfano wa REI. Hisa ya uanachama ilikuwa dola 5 za Kanada, na ikabaki hivyo hadi mwisho. Ulikua hadi wanachama zaidi ya milioni 5 na maduka 22. Mwaka 2012 masharti ya uchaguzi yalibadilishwa ili bodi iweze kuwachuja wagombea kwa kigezo cha sifa za kitaalamu. Mwaka 2013 mlima ukaondolewa kwenye nembo, na bidhaa za mjini zikaongezwa. Maduka makubwa mapya yakafunguliwa. Mwaka wa fedha ulioishia Februari 2019 hasara ilikuwa takriban dola milioni 11.5 za Kanada, na ule uliofuata ikawa karibu maradufu. Maduka yalipofungwa kwa sababu ya janga, ushirika ulikuwa na deni la benki la makumi ya mamilioni na hauna pa kukimbilia.

Tarehe 14 Septemba 2020 wanachama walifahamishwa kwamba bodi imekubali kuuza mali zote kwa Kingswood Capital Management, kampuni ya uwekezaji ya Los Angeles. Hawakuitwa kwenye mkutano wala hawakupiga kura. Bodi ilikuwa imeomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, na chini ya sheria hiyo jaji anaweza kuidhinisha mauzo bila ridhaa ya wenye ushirika. Zaidi ya watu 100,000 walitia saini ombi la kupinga, wakachanga fedha za mawakili, wakaomba muda wa kutafuta njia nyingine. Mwanzoni mwa Oktoba mahakama ya British Columbia ikaidhinisha mauzo. Hisa za dola 5 zikawa hazina thamani, na ndani ya wiki tatu tu hatima ya ushirika wa karibu miaka 50 ikawa imeamuliwa: kuwa kampuni binafsi. Mwaka 2025 kampuni hiyo iliuzwa tena, safari hii kwa wawekezaji wa Kanada, na wanachama wa zamani hawakuhusika kwa lolote.

Msomaji wa Tanzania atakumbuka mwaka 1976, serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU ya wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ikiwamo, bila mkulima kuulizwa, hadi sheria ya 1982 ilipovirejesha. Kule Kanada haikuhitajika amri ya serikali. Ilitosha kuwa na deni, bodi iliyochujwa, na wanachama waliozoea kujihesabu kuwa wateja.

Jibu la kawaida la mameneja ni kwamba watu milioni 24 hawawezi kuendesha duka. Hakuna anayewataka waliendeshe. Migros ya Uswisi ina wanachama zaidi ya milioni 2, waliogawanyika katika vyama 10 vya kanda, na mwaka 2022 iliwauliza kama maduka yake yaanze kuuza pombe, jambo lililopigwa marufuku na masharti yake. Mamia ya maelfu walipiga kura, na vyama vyote 10 vilikataa. Uongozi ukatii, na Migros haikuanguka. Ukubwa hauzuii kuulizwa. Unachohitaji ni muundo wa kanda, wajumbe wanaojulikana, na maswali machache yaliyoandikwa kwenye masharti kwamba lazima yaende kwa wanachama.

Mwaka 2025 REI ilitangaza kwamba maduka matatu yangefungwa mwaka 2026, na mojawapo ni lile la SoHo lililoanzisha chama cha wafanyakazi. Huenda hesabu za duka hilo ni mbaya kweli. Kodi ya pango Manhattan si mchezo. Lakini hesabu za duka moja moja hazichapishwi, kwa hiyo mwanachama hana njia ya kutofautisha uamuzi wa kibiashara na adhabu. Kuzichapisha lingekuwa jambo la kwanza na lisilo na gharama. Kinachofuata ni kuruhusu wanachama kadhaa wenye saini za kutosha kumweka mgombea kwenye karatasi ya kura bila kupitia mikononi mwa bodi, na gawio lipande na kushuka na ziada kama lilivyokusudiwa, hata likifika sifuri.

La mwisho ndilo ambalo mimi ningelianza, nalo linahusu mkopo. Kifungu kinachodai kura ya wanachama kabla ya kuuza ushirika hakitoshi, kwa sababu MEC imeonyesha kwamba mambo yakishafika mahakamani jaji anaweza kukipita. Kura inatakiwa iwekwe mapema zaidi, kwenye hatua ya kuweka mali za ushirika rehani: bodi isiruhusiwe kukopa kupita kiwango fulani cha akiba bila kurudi kwa wanachama kwanza, ikiwa na hesabu mkononi. Baada ya miaka mitatu ya hasara, kifungu hicho kinapaswa kuwa kwenye karatasi ya kura ya uchaguzi ujao, na wanachama waliowakataa wateule watatu mwaka 2025 wanayo idadi ya kutosha kukidai.